Ganzi Inapopanda: Ugonjwa wa Guillain-Barré Kando ya Ziwa

Huanzia miguuni. Tumchukue mvuvi kijana wa Sori, pale kwenye ghuba ya Karungu ya Ziwa Victoria, Kaunti ya Migori, awe mfano wetu tu. Wiki mbili zilizopita aliharisha siku tatu, akanywa maji ya chumvi na sukari, akapona, akarudi ziwani kuvua omena usiku. Leo alfajiri anashuka mtumbwini vidole vya miguu vikiwa na ganzi, kama vya mtu aliyekalia miguu yake muda mrefu. Jioni anapanda kijilima cha kutoka ufukoni na magoti yanamwachia. Kesho yake hawezi kuinuka kitini bila kushika meza. Keshokutwa kikombe cha chai kinamponyoka mkononi. Mgongo unamuuma vibaya, lakini hana homa na akili yake ni timamu kabisa.

Nyumbani maelezo hayakosi. Mzee mmoja anataja chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa. Shemeji anakumbuka ugomvi wa nyavu na kusema kijana amerogwa. Mama anakumbuka kwamba mwezi jana kulikuwa na kampeni ya chanjo. Zahanati wanampima malaria, wanampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike. Hakuna aliyesema kwa nia mbaya, na mmoja wao, kama tutakavyoona, hakukosea kuuliza. Lakini kila jibu limekula siku moja, na huu ni ugonjwa unaoweza kutoka miguuni hadi kwenye misuli ya kupumua ndani ya siku chache, wakati mwingine ndani ya saa 48.

Unaitwa Guillain-Barré, hutamkwa giyan-bare, na madaktari huufupisha GBS. Mwaka 1859 daktari Mfaransa, Jean-Baptiste Octave Landry, aliandika habari za wagonjwa ambao ulegevu uliwapanda kutoka miguuni kwenda juu. Mwaka 1916, vita vikuu vya kwanza vikiendelea, wenzake Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl waliwachunguza askari wawili waliopooza kisha wakapata nafuu. Waliwatoa maji ya uti wa mgongo na kukuta protini nyingi lakini seli chache, jambo lisilofanana na maambukizi ya kawaida ya uti wa mgongo. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Jina la Strohl, aliyefanya kazi ya kupima misuli kwa umeme, lilidondoka njiani.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka kuliko wengi wanavyodhani. Bakteria au virusi vikiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kuvikamata. Baadhi ya vijidudu hivyo vina koti la nje la sukari na mafuta linalofanana mno na utando wa mishipa yetu ya fahamu. Kinga inammaliza adui, inaendelea kumsaka, na sasa inakutana na sura ileile kwenye neva za mtu mwenyewe. Inazishambulia. Kwa wagonjwa wengine kinacholiwa ni ala ya mafuta inayofunika neva. Kwa wengine ni uzi wa neva wenyewe. Ala huota upya kwa wiki au miezi. Uzi ulioharibika hukua kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni mwa mtu mzima ni safari ndefu. Kwa kuwa shambulio linatoka ndani, mgonjwa hamwambukizi mtu. Mke anaweza kulala naye kitanda kimoja, na watoto waendelee kumkumbatia.

Duniani kote hupatikana mgonjwa mmoja au wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Ukizijumlisha kaunti hizo mbili na kutumia kiwango hicho cha dunia, unapata watu kati ya 22 na 45 kila mwaka. Hii ni hesabu yangu ya karatasi, si takwimu ya wizara, lakini inatosha kuonyesha shida ilivyo. Wagonjwa 30 waliotawanyika kutoka Muhuru Bay hadi Kendu Bay na Mbita maana yake ni kwamba afisa wa kliniki katika kituo kidogo anaweza kufanya kazi miaka kadhaa bila kumwona hata mmoja. Siku akimwona, hamtambui.

Utafiti wa eneo letu haujakosekana kabisa. Mwaka 1988 daktari Bahemuka alichapisha mapitio ya wagonjwa 54 wa GBS nchini Kenya. Mwaka 1996 William Howlett wa Hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzake wa Norway, walilinganisha wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania na wale wa magharibi mwa Norway. Howlett baadaye aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya neva barani Afrika. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Wazungu, wala si mgeni kwetu. Tumeishi nao, tukiuita majina mengine.

Turudi kwenye kule kuharisha. Kijidudu kinachotajwa zaidi duniani ni bakteria aitwaye Campylobacter jejuni. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa GBS hugundulika walimpata wiki chache kabla ya kulegea. Bakteria huyu anakaa tumboni mwa kuku bila kumdhuru. Kando ya ziwa kuku wa kienyeji mara nyingi hulala jikoni, na mgeni wa heshima huchinjiwa jogoo. Ukisimama jikoni siku hiyo utaona kisu kimoja. Kimempasua kuku, kimepanguswa kwa kitambaa, kimekatia nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku atachemka saa nzima. Kachumbari haitachemka kabisa, nayo ndiyo itakayopakuliwa kwanza.

Maji nayo yana lake. Ndoo ya kunywa huchotwa ufukoni, hatua chache kutoka mahali ng'ombe wanaponywea, watu wanapooga na mitumbwi inapooshwa. Kipindupindu kimerudi Migori na Homa Bay mara nyingi. Chenyewe hakijulikani kwa kuleta GBS, lakini njia kinayopita, kutoka chooni hadi kwenye kikombe, ndiyo hiyohiyo anayopita Campylobacter. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari walieleza jinsi watoto wa vijijini kaskazini mwa China walivyokuwa wakipooza kila kiangazi, na Campylobacter akahusishwa. Mwaka 2023 Peru ilitangaza hali ya dharura ya afya nchi nzima kwa sababu ya ongezeko la GBS. Januari 2025 mji wa Pune, India, ulianza kupata wagonjwa ambao hatimaye walizidi 200, na macho yakaelekea kwenye maji. Kwa mtu mmoja hatari ni ndogo: kati ya watu kama 1,000 wanaoharishwa na Campylobacter, takriban mmoja ndiye hupata GBS. Lakini mahali ambapo kuharisha ni jambo la kila mwezi, hizo elfu hujaa haraka.

Jambo jingine linaihusu Nyanza kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta watu wazima 19.6 katika kila 100 wana VVU Homa Bay, na 13 katika kila 100 Migori. VVU vinaweza kuamsha GBS, hasa siku za mwanzo wa maambukizi wakati kinga bado ina nguvu, au mtu anapoanza ARV na kinga yake inarudi kwa kasi. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa 1991 ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wa GBS walikuwa na VVU. Kwa hiyo mtu mzima wa Sori aliyelegea miguu ghafla apimwe VVU, na kama kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu, kirudiwe baadaye, kwa sababu maambukizi mapya huweza kufichika wiki za mwanzo. Si kumnyooshea kidole. Kuna watu ambao miguu ndiyo iliyowafikisha kwenye dawa zilizowaokoa. Daktari naye akumbuke kwamba kwa mwenye VVU maji ya uti wa mgongo yanaweza kuwa na seli nyingi, na ile alama ya 1916 ikampotosha.

Sasa swali la mama. Aliuliza kuhusu chanjo, na anastahili jibu la kweli badala ya kukemewa.

Mwaka 1976 mafua ya nguruwe yalizuka katika kambi ya jeshi ya Fort Dix, Marekani. Serikali ikaogopa janga, ikachanja watu wapatao milioni 45 kwa muda wa miezi michache. Janga halikuja. Zikaja ripoti za watu kulegea miguu, na Desemba mwaka huo kampeni ikasimamishwa. Ilionekana kwamba chanjo ile iliongeza takriban mgonjwa mmoja wa GBS kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Hilo lilitokea, limeandikwa, na wataalamu hawalikani. Chanjo za mafua zilizofuata zimefuatiliwa kwa makini, na ongezeko, pale lilipoonekana, lilikuwa la mtu mmoja au wawili kwa kila milioni. Ugonjwa wa mafua wenyewe huleta GBS zaidi ya hapo.

Kabla ya hapo kulikuwa na chanjo za zamani za kichaa cha mbwa, zilizotengenezwa kwa ubongo wa kondoo au wa wanyama wengine. Mtu alidungwa tishu za ubongo, na wakati mwingine mwili wake ukaanza kuzishambulia neva zake. Shirika la Afya Duniani lilipigania ziachwe, na chanjo za leo hutengenezwa kwa njia nyingine. Aliyeumwa na mbwa asiogope sindano: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Kisha ikaja UVIKO-19. Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa AstraZeneca, na baadaye mwaka huo ikaleta Johnson & Johnson. Julai 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo la GBS kwenye chanjo ya Johnson & Johnson, baada ya ripoti kama 100 katika dozi zaidi ya milioni 12. Hatari ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwepo, na ilitangazwa hadharani. Chanjo za watoto, zile za polio, surua, pepopunda na kifaduro, hazina historia kama ya 1976. Chanjo ya malaria, iliyozinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019 na kutolewa Migori pia, ilifuatiliwa kwa miaka kwa ajili ya madhara kadhaa yaliyotiliwa shaka. GBS haikuwa mojawapo.

Kwa hiyo mama amejibiwa: ndiyo, imewahi kutokea kwa chanjo chache, kwa nadra, na wataalamu wanaijua. Kama mwanawe alichanjwa ndani ya wiki sita zilizopita, jambo hilo liandikwe kwenye faili na kupelekwa Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo kazi yake ni kupokea ripoti za aina hiyo. Lakini alimwona mwanawe akiharisha kwa macho yake. Kule kuharisha ndiko kunakoshukiwa kwanza, na siku zinazotumika kubishania sindano zinatoka kwenye siku za kijana.

Si kila miguu inayolegea Sori ni GBS, na hapa mazingira ya ziwa yanamtaka daktari awe macho. Kichocho cha tumboni kimejaa Ziwa Victoria. Mayai yake yakikwama karibu na uti wa mgongo, miguu hupooza, lakini mikono hubaki na nguvu, mkojo hufunga mapema, na huwa kuna mstari kiwiliwilini ambao chini yake mtu hahisi vizuri. Huyu hutibiwa kwa praziquantel na steroidi. Mwenye GBS steroidi hazimsaidii. Majaribio yameonyesha hivyo, na vidonge vyake vinaweza hata kumchelewesha kupona. Kule Macalder, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu hushika zebaki kwa mikono, sumu hiyo huharibu neva pia, lakini huja polepole, ikiwa na mikono inayotetemeka. Sumu za kuulia wadudu shambani, kuumwa na nyoka, na upungufu mkubwa wa potasiamu navyo humwangusha mtu. Na polio.

Polio inastahili aya zake, maana ndiyo iliyoleta chombo pekee tulicho nacho cha kuwaona wagonjwa hawa. Julai 2011 mtoto mmoja wa Rongo, katika Kaunti ya Migori ya sasa, alipatikana na virusi vya polio vya asili, vyenye nasaba na vile vilivyoonekana mashariki mwa Uganda mwaka mmoja kabla. Kampeni za chanjo zikafuata. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili, lakini ulinzi haukuachwa, na haupaswi kuachwa.

Ulinzi wenyewe uko hivi. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, mhudumu hujaza fomu na kuchukua choo mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea. Choo huwekwa kwenye kibebeo chenye barafu na kusafirishwa hadi maabara ya KEMRI, Nairobi. Maelezo rasmi ya nani ajaziwe fomu yanaitaja GBS kwa jina, kwa sababu mahali ambapo polio imeondoka, GBS ndiyo sababu kubwa ya watoto kulegea ghafla. Mfumo huu hata hupimwa kwa wingi wa watoto wasio na polio uliowanasa: kaunti isiyoleta idadi ya kutosha kwa mwaka huhesabiwa kuwa imelala.

Yaani tayari tuna wavu unaowanasa watoto wenye GBS hadi ufukoni. Kisha jibu hurudi kutoka Nairobi: si polio. Kwa mradi wa polio hiyo ni habari njema na kazi imekwisha. Kwa mtoto aliyelala kwenye mkeka Gwassi, "si polio" halijasema ana nini, atapumuaje usiku, wala nani atamnyoosha miguu. Wapo wanaofuatwa tena baada ya siku 60, hasa choo kilipochelewa au kuharibika, ili kuona kama ulegevu umebaki. Swali hata hapo ni la polio. Mtu mzima yeye huingia kwenye fomu ikiwa tu daktari anashuku polio, na mvuvi wetu wa miaka 28 hakuna atakayemshuku polio. Hahesabiwi popote.

Ninaamini hapa ndipo penye kosa letu kubwa, na ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha. Afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo tayari anapigiwa simu. Pikipiki, fomu na barafu zipo. Mstari mmoja unaosema mgonjwa anapumua vipi leo, na amepelekwa wapi, ungemgeuza mtoto wa takwimu kuwa mgonjwa anayetibiwa. Fomu hiyohiyo ikipokea watu wazima, Migori na Homa Bay zingejua kwa mara ya kwanza kama ni 22 au 45, wengi wao wanatoka ufuko gani, na mwezi gani.

Kinachomuua mgonjwa wa GBS mara nyingi ni pumzi. Kati ya wagonjwa 100, 20 hadi 30 hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia. Mwaka 2020, UVIKO ilipoingia, watafiti walihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia nchini Kenya nzima, na kaunti zaidi ya nusu hazikuwa na hata kitanda kimoja cha aina hiyo. Hali imeboreka tangu hapo, lakini kutoka Sori hadi Kisumu, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ni zaidi ya kilomita 100. Karibu zaidi zipo hospitali za Migori, Homa Bay na Kisii, na pale pale Karungu kuna hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kamilo. Kwa vyovyote, uamuzi wa kumsafirisha ufanywe mgonjwa akiwa bado anaongea sentensi nzima.

Na hapa kuna mtego. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho tangu UVIKO kila kituo kinakitegemea, huendelea kuonyesha 97 au 98 wakati kifua kinachoka. Namba ikishuka, muda umebaki mdogo mno. Kipimo bora hakina betri. Mwambie mgonjwa avute pumzi yote aliyo nayo, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine: moja, mbili, tatu, au achiel, ariyo, adek, kama Kijaluo ndicho kinachomjia. Mtu mzima mwenye afya hupita 30 kwa urahisi. Akikatika kabla ya 20, huyo si wa kusubiri kesho. Rudia kila baada ya saa chache na uandike. Jana 31, asubuhi 24, jioni 17: tarakimu hizo tatu kwenye karatasi ya rufaa zinamweleza daktari wa Kisumu kuliko kurasa mbili za maelezo. Kisha mwambie ainue kichwa kwenye mto. Shingo iliyolegea hutangulia kifua kilicholegea. Mpe kijiko kimoja cha maji. Akikohoa, asipewe uji mdomoni.

Nyundo ya mpira nayo haigharimu kitu. Ukigonga chini ya goti la mwenye GBS, kwa kawaida mguu hauruki. Mwenye polio hulegea upande mmoja zaidi ya mwingine, akiwa na homa, na ngozi yake inahisi kawaida. GBS hulegeza pande zote mbili kwa pamoja, huja na ganzi au michomo, na homa haipo. Maji ya uti wa mgongo yanaweza kuwa ya kawaida wiki ya kwanza, kwa hiyo kipimo kisichoonyesha kitu kisimrudishe mtu nyumbani. Familia nyingi huogopa sindano ile ya mgongoni, wakiamini ndiyo inayopoozesha. Inafaa waelezwe kwamba sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia.

Tiba zipo mbili. Ya kwanza ni kuondoa plazma ya damu yenye kingamwili haribifu na kuweka badala yake. Jaribio kubwa la Marekani lilithibitisha manufaa yake mwaka 1985. Ya pili ni imunoglobulini kwa mshipa, ambayo Waholanzi walionyesha mwaka 1992 kuwa haizidiwi na ya kwanza. Zote hufaa zikianza mapema, imunoglobulini ndani ya wiki mbili tangu kulegea. Dozi yake ni gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, zikigawanywa kwa siku tano. Mvuvi wa kilo 60 anahitaji gramu 120, yaani chupa 24 za gramu 5. Dawa hii hukamuliwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji, na gharama yake hufika mamia ya maelfu ya shilingi. Kwa familia inayoishi kwa omena, hapo ndipo mtumbwi na injini yake huuzwa. Tangu 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya mamlaka iitwayo SHA, na sheria iliunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. GBS inafaa kuandikwa humo kwa jina lake, ili mtu asianze kubishana na karani wakati siku za dawa zinapita. Ibara ya 43(2) ya Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kifua kinachoishiwa nguvu ni dharura.

Dhaka, Bangladesh, ambako tatizo ni lilelile la fedha, watafiti wa taasisi ya icddr,b walichapisha mwaka 2018 jaribio la kubadilisha plazma kidogokidogo kwa mifuko na mirija, bila mashine, kwa wagonjwa 20. Lilikuwa jaribio dogo la kuangalia usalama, halitoshi kubadilisha sera, lakini ni aina ya utafiti ambao hospitali zetu za rufaa zingeweza kuufanya.

Hata bila dawa hizo, wengi huinuka wakihudumiwa vizuri. Kuhudumiwa maana yake ni kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze, kunyooshwa viungo, kukingwa damu isigande miguuni, kupimwa mapigo ya moyo yanayoweza kuruka bila sababu, na kupewa dawa ya maumivu, maana maumivu ya ugonjwa huu ni makali kuliko yanavyoonekana usoni. Mashine ikikosekana, kuna mfuko wa kupumulia unaokamuliwa kwa mkono, na mahali pengi ndugu hupokezana kuukamua usiku kucha. Katika nchi tajiri, kama mgonjwa mmoja kati ya 20 hufa, na mmoja kati ya watano bado hawezi kutembea bila msaada miezi sita baadaye. Kwetu, pumzi inaposhindwa mbali na mashine, idadi ya wanaokufa haiwezi kuwa ndogo hivyo.

Wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa na serikali Septemba 2023, hupita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe maswali matatu: ganzi ilianza lini, unaweza kuinuka kitini bila mikono, hesabu kwa pumzi moja. Hayahitaji semina ya wiki nzima.

Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye miguu imemwisha nguvu pande zote mbili ndani ya siku chache, mpeleke hospitali yenye daktari leo, akiwa amelala ndani ya gari, si katikati ya pikipiki, na mtu mmoja akae naye akihesabu pumzi zake njiani. Ukifika, taja Guillain-Barré kwa jina; daktari hataudhika. Na akifikia kulazwa asiweze kusogeza mkono wala kufungua mdomo, usimlilie kana kwamba amekwenda. Kwa karibu wagonjwa wote ulegevu huacha kuongezeka ndani ya wiki nne. Mwambie hivyo kila asubuhi, karibu na sikio, kwa sababu anasikia.